Shajara ya seva yetu ya Pujini: modi zinaingiaje na zinatokaje

Jumapili, 7 Septemba

Naanza kuandika leo kwa sababu ya kilichotokea juzi Ijumaa, sitaki kitokee tena na najijua nisipoandika n'tasahau nilianza na nini nikamalizia na nini.

Kwa asiyejua, hapa nyumbani Chake Chake, Pemba, tuna seva ndogo ya Minecraft, yaani kompyuta inayoshika dunia ya ile gemu ya kujenga kwa tofali ili watu wacheze pamoja. Ni laptopu ya zamani, kori i5 rami GB 8, ipo juu ya kabati ukumbini karibu na rauta, wanaingia watoto wawili wa dada yangu, binti wa ami, na vijana watatu wa jirani, wote kwa waifai ya nyumbani tu. Tokea mwezi wa nne wanajenga Pujini, ile ngome ya kale ya mtawala Mkama Ndume hapa Pemba, na wanajenga kwa sarvaivo kabisa, hakuna kupewa kitu cha bure, kila jiwe limechimbwa kwa mkono. Mpwa wangu mkubwa alipelekwa pale na skuli akarudi na daftari limejaa michoro, ndo ikaanzia hapo. Wamejenga ukuta, wamechimba handaki, wamejenga na kile kisima cha wake wawili chenye ukuta katikati ili mke mkubwa na mdogo wasionane wakienda kuteka maji kama wazee wanavyohadithia. Na kwa kuwa hadithi inasema Mkama Ndume alikuwa akiwabebesha watu mawe huku wanajikokota wamekaa kitako, wao wamejiwekea sharti, anaepeleka mawe ngomeni anakwenda kachutama njia nzima. Mtu anabonyeza kitufe cha kuchutama dakika kumi. Nawaambia haya mujue kilichopotea kilikuwa na jasho la nani.

Sasa Ijumaa seva ilikuwa inasuasua, mimi nikaona modi (nyongeza inayotiwa kwenye gemu) ya samani ndo nzito, nikaenda kwenye folda ya mods nikaifuta lile faili la jar nikawasha seva. Ikawaka vizuri na wepesi nikauona. Baada ya kama robo saa mpwa wangu mdogo akaja mbio jikoni, "Mjomba, nyumba zetu zimeibiwa!" Nikaenda kutizama. Viti, makabati, meza, vitanda vya kamba walivyovibuni kwa zile samani, vyote hewa. Na makabati yalikuwa ndo maghala yao, kwa hiyo almasi, chuma, vyakula vya miezi, vyote vimekwenda na makabati.

Sababu yake ni hii na nilitakiwa niijue. Modi ikileta tofali jipya, na kiti au kabati nalo ni tofali, dunia inaliandika kwa jina la modi ile. Ukiiondoa modi gemu inasoma jina haimjui mwenyewe, inaweka hewa. Mpaka hapo bado hujaharibikiwa, kilichokuwa kwenye diski bado kipo. Lakini mtu akipita eneo lile na seva ikalihifadhi upya basi ile hewa ndo inaandikwa, hata ukiirudisha modi dakika ya pili yake vitu havirudi. Robo saa ile watoto walikuwa wanapita kila nyumba.

Kesho naandika nilivyokoa, saa hizi macho mazito.

Jumatatu, 8 Septemba

Bakapu (nakala ya akiba) niliyokuwa nayo ilikuwa ya tarehe 16 Agosti, kwenye flashi. Wiki tatu nyuma. Ningeirudisha yote ningepoteza wiki tatu za ngome pia, na ngome ilikuwa haina samani hata moja, ilikuwa salama. Kwa hiyo nilikaa nikafikiri kabla ya kugusa kitu, na nashukuru nilifikiri.

Dunia ya Minecraft haihifadhiwi kama faili moja. Ndani ya folda ya dunia kuna folda inaitwa region, humo muna mafaili ya mca, na kila faili moja linashika mraba wa chanki 32 kwa 32, chanki moja ni tofali 16 kwa 16, kwa hiyo faili moja ni tofali 512 kwa 512 za ardhi kutoka chini kabisa mpaka mbinguni. Jina la faili linakwambia ni mraba gani. Pahala panatambulikana kwa namba mbili, X ya mashariki na magharibi, Z ya kaskazini na kusini. Unachukua X ya pahala unapopataka unagawa kwa 512 unashusha chini mpaka namba kamili, na Z hivyo hivyo. Kijiji chao kipo X -140 na Z 610. Hasi 140 ukigawa ukashusha inakuwa hasi 1, 610 inakuwa 1, kwa hiyo faili ni r.-1.1.mca. Ngome ipo mraba mwengine kabisa.

Nikazima seva (hili sio la kujadiliana, seva ikiwa inawaka usiguse faili la dunia), nikanakili dunia nzima iliyoharibika pembeni kwanza, maana hata kilichoharibika kinaweza kuharibika zaidi, nikarudisha modi ya samani, kisha nikachukua lile faili moja tu kutoka bakapu nikaliweka. Nikawasha. Nyumba zikarudi na samani zake na vilivyomo kama vilivyokuwa Agosti.

Ila ng'ombe hawakuwepo pale watoto walipotarajia, na kuku walikuwa wamezagaa ndani ya ukuta wa nyumba ambayo Agosti ilikuwa haijavunjwa. Ikanichukua nusu saa kujua kwamba tokea toleo la 1.17 wanyama na viumbe wana folda yao peke yao, entities, yenye mafaili ya majina yale yale, na kuna nyengine inaitwa poi ya vitanda na sehemu za kazi za wanakijiji. Mraba ukiurudisha, rudisha yote matatu. Nikazima tena nikafanya hivyo, ng'ombe wakakaa zizini.

Kilichopotea mwisho wake ni wiki tatu za kijiji peke yake. Niliwaita nikawaambia ukweli kwamba ni mimi niliefuta na sikuwauliza. Binti wa ami alilia. Tumekubaliana kuanzia leo hakuna modi inayoingia wala kutoka bila kupita kwanza kwenye dunia ya majaribio, na mimi simo peke yangu kwenye uamuzi.

Jumamosi, 13 Septemba

Leo nimeshinda na kazi moja, kutenganisha. Nilikuwa natumia launcha (programu ya kuwashia gemu) ya kawaida na folda moja ya mods kwa kila kitu. Nimehamia Prism Launcher, hii inakupa vyumba, kila chumba na toleo lake la gemu, modi zake na dunia zake, cha huku hakikigusi cha kule. Nimefanya viwili, Pujini na Uwanjani. Uwanjani ndo pa kuharibu. Kwa seva nayo nimefanya folda ya pili yenye nakala ya kila kitu.

Halafu nikachukua daftari la skuli lenye mistari nikaandika modi zote tulizonazo, zimefika 19 na nilikuwa nadhani hazifiki kumi na mbili. Kwa kila moja naandika jina, namba ya toleo, nimeitoa wapi, inategemea nini, na la mwisho ambalo ndo kubwa, je inaacha kitu ndani ya dunia?

Hili la mwisho nililieleza kwa watoto hivi. Modi nyengine ni hina na nyengine ni chale. Hina inakolea, unapendeza, ukiiacha inatoka yenyewe ngozi inabaki ile ile. Chale ukishachanjwa umechanjwa. Sodium inayochora haraka zaidi ni hina, Lithium inayopunguza kazi ya seva ni hina, FerriteCore inayobana matumizi ya rami ni hina, hizi ukizitoa leo dunia haijui kama zilikuwepo. Samani ni chale. Modi ya mimea mipya, wanyama wapya, madini mapya, dunia mpya ya kuzimu, zote chale. Na kuna za kati, kwa mfano modi inayobadilisha jinsi ardhi inavyoumbwa, ukiitoa pale ulipokwishapita panabaki kama palivyokuwa, ila chanki mpya zinaumbwa kwa utaratibu wa kawaida, unakuta mlima umekatwa wima kama boflo.

Kati ya 19 zetu chale ni nne. Hizo nimezizungushia wino mwekundu.

Jengine nililoligundua nikiandika, Sodium ilikuwa imewekwa kwenye seva pia. Haina kazi kule, seva haichori chochote, ni ya kompyuta ya mchezaji tu. Na modi ya chale lazima iwepo pande zote mbili, seva na kila mchezaji, toleo moja, la sivyo mtu anagonga mlango haingii. Na sisi tupo Fabric, mfumo mmoja wa kubebea modi, kwa hiyo modi iliyoandikwa kwa ajili ya Forge, mfumo mwengine, haituhusu hata kama jina ni lile lile na namba ya gemu ni 1.20.1 kama yetu.

Jumatano, 17 Septemba

Leo nimepata khofu ya kweli.

Binti wa ami anataka mikarafuu. Ana haki, Pemba gani haina mikarafuu. Akatafuta mwenyewe kwa simu, akapata pahala panasema kuna modi ya karafuu, akaishusha, akampa mtoto wa jirani aitie kwenye flashi, flashi ikaja kwangu. Alhamdulillahi walileta kwangu kwanza. Kwenye Windows lilionekana faili lenye kikombe cha Java, jina linaishia na jar. Nikawasha ile sehemu ya kuonesha mwisho wa majina ya mafaili, maana Windows inauficha kwa kawaida yake, jina kamili likawa linaishia .jar.exe. Hiyo sio modi. Hakuna modi ya Minecraft ya Java inayokuja kwa exe. Nikaifuta, flashi nikaifomati, na laptopu nikaipitisha skani nzima usiku kucha ingawa hatukulibonyeza.

Nikakaa nao barazani baada ya isha tukazungumza, sikumgombeza mtu. Nilichotaka waelewe ni kwamba modi sio picha wala wimbo. Modi ni programu kamili ya Java, na ukiiwasha inafanya kazi kwa ruhusa zako wewe, hakuna ukuta baina yake na mafaili yako. Inaweza kusoma picha za bibi, paswadi zilizohifadhiwa kwenye brauza, kila kitu unachoweza kukifungua wewe. Kwa hiyo kuamini modi ni kumuamini mtu alieiandika na kila mkono iliyopitia.

Na hata pahala pazuri panaweza kuingiliwa. Mwezi wa sita 2023 kuna vairasi ikaitwa fractureiser, wezi waliziingilia akaunti za watengenezaji kwenye tovuti za CurseForge na Bukkit wakatia kijidude chao ndani ya modi ambazo watu wameshazizoea. Ukishaiwasha modi ile inaiba kuki za brauza, inaiba tokeni (funguo za kuingilia akaunti) za Discord na za Minecraft yenyewe, na inatafuta mafaili mengine ya jar kwenye kompyuta inayaambukiza. Hilo la mwisho ndo linanikosesha usingizi kwetu sisi tunaopeana mafaili kwa flashi, mmoja akiumwa tumeumwa sote.

Mpwa wangu mkubwa akauliza, "Sasa mjomba, kama hata pazuri panaingiliwa, tufanyeje, tuache?" Nikamwambia hapana, tunapunguza milango. Tulichokubaliana kipo hivi, modi inatoka tovuti ya Modrinth au CurseForge tu tena kwenye ukurasa wa mtengenezaji mwenyewe, hatuchukui kwenye tovuti zinazopakia upya kazi za watu zenye vitufe vitano vya kushusha na hujui kipi cha kweli. Toleo jipya halichukuliwi siku lilipotoka, linakaa wiki mbili, kama lina ubaya wenzetu duniani watakuwa wameshaliona. Mimi ndo nashusha, natia kwenye seva, na wao wanachukua kwangu. Nikishawapa naangalia alama ya faili kwa amri ya certutil -hashfile na neno SHA256 mwisho wake, ile mistari ya herufi lazima ifanane kwenye laptopu yangu na yao, ikitofautiana hata herufi moja faili limeharibika njiani au limeguswa, hatulifungui.

Na nimefungua akaunti nyengine kwenye Windows, ya gemu peke yake, haina ruhusa za msimamizi, brauza yake haina imeili yangu wala kitu chochote cha pesa. Haizuii kila kitu ila mwizi akiingia ukumbini asikute funguo za chumbani.

Mikarafuu tumeijenga bila modi. Majani ya azalea yenye maua yana vipinki pinki ndani yake, ukisimama mbali ni karafuu iliyokwiva inataka kuchumwa khasa. Chini wametandika zulia za kahawia, ndo majamvi ya kuanikia. Nimeipenda kuliko modi yoyote.

Jumapili, 21 Septemba

Jana magharibi umeme ulikatika seva ikiwa katikati ya kuhifadhi. Betri ya ile laptopu ilikufa zamani, ni chuma tu. Umeme uliporudi dunia haikufunguka. Kwenye folda ya dunia kuna faili level.dat linaloshika mambo ya dunia nzima, saa, hali ya hewa, pa kuzaliwa, na jirani yake lipo level.dat_old, hilo ni nakala ya mara moja kabla. La kwanza lilikuwa na ukubwa wa sifuri. Nikanakili folda nzima pembeni kama kawaida, nikaliondoa lililokufa, lile la zamani nikalibadilisha jina kuwa level.dat, ikafunguka na hakuna kilichopotea isipokuwa dakika chache.

Ila safari hii ilikuwa bahati, lingekufa faili la region lenye ngome ningekuwa naandika mengine. Wiki mbili nzima nimeogopa modi na kumbe swichi ya ukutani inaua vile vile. Kwa hiyo leo nimefanya bakapu iwe ya kujiendesha. Nimeandika kifaili kidogo cha amri, cha bat, mtu akiwasha seva kinanakili kwanza dunia, folda ya mods, na folda ya config (mipangilio) kwenda folda yenye tarehe ya leo, halafu ndo seva inawaka. Zote tatu pamoja, sio dunia peke yake. Dunia ya tarehe 16 Agosti bila modi za tarehe 16 Agosti ni nusu ya bakapu, hilo nilijifunza kwa samani.

Mchana kati nikitaka kunakili bila kuzima seva naandika save-off kwenye dirisha la seva, kisha save-all flush, nanakili, kisha save-on. Ukisahau ile save-on ya mwisho seva haihifadhi kitu mpaka utakapokumbuka, kwa hiyo nimeibandika karatasi juu ya skrini.

Zinabaki saba za siku saba, na ya kila Ijumaa inakwenda kwenye flashi ya GB 32. Na kila Ijumaa hiyo hiyo nafungua bakapu Uwanjani nikaingia nikatembea mpaka kisimani. Bakapu ambayo hujawahi kuifungua hujui unayo au hunayo.

Ijumaa, 26 Septemba

Watoto wanataka mpunga.

Tumezungukwa na mabonde ya mpunga hapa na Minecraft ina ngano, viazi, karoti, bitiruti, mpunga hamna. Kuna modi ya Farmer's Delight, ina mpunga unaopandwa majini kabisa, ina vitunguu, tungule, kabichi, masufuria ya kupikia. Kwa Fabric ipo iliyofasiriwa na watu wengine. Hii ni chale ya wino mwekundu.

Nikaitia Uwanjani juu ya nakala ya Pujini. Hatua zangu sasa zipo hivi na nimezifuata zote: modi moja peke yake, nikafungua, nikasoma logi (faili linaloandika kila kilichotokea), nikapanda mpunga, nikasubiri ukakomaa, nikapika, nikafunga, nikafungua tena. Vizuri. Halafu nikafanya lile ambalo zamani nisingelifanya, nikaitoa. Makusudi. Nikafungua dunia bila ya modi nikatembea kuona imeacha shimo gani. Mabonde ya mpunga yalibaki hayana kitu, sufuria zilipotea na vilivyomo, mikoba ya wachezaji ilitoka vyakula vyote vya modi. Lakini nyumba, ngome, mashina, wanyama, makasha ya kawaida, yote salama na dunia haikugoma kufunguka.

Nikawaita nikawaonesha picha mbili, kabla na baada. Nikawaambia tukiipokea tunaishi nayo mpaka mwisho wa dunia hii, na siku mtengenezaji akiacha kuiendeleza na sisi tutabaki pale pale toleo la 1.20.1 hatupandi, maana dunia ukishaifungua kwa toleo jipya la gemu hairudi chini. Mnakubali? Mtoto wa jirani mdogo kabisa akasema, "Kwani wali tutautoa lini?" Kura sita kwa sita. Na tumekubaliana vyakula vya modi havikai kwenye sufuria wala vikapu vya modi, vinakaa kwenye makasha ya kawaida ya gemu, likitokea la kutokea kipotee chakula tu, lisipotee na kasha.

Modi ya samani tumeipangia kuondoka taratibu. Kila mtu anahamisha vitu vyake kutoka makabati kwenda makasha, samani moja moja wanavunja wanajenga upya kwa ngazi na vibao vya kawaida. Ikifika siku hakuna hata kiti kimoja cha modi ndo tutaifuta. Nimewapa mwezi.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mpwa mkubwa kabonyeza kitufe cha kuapdeti zote kwa pamoja kwenye Prism, kwake na kwenye seva kwa mkono. Modi 14 zimebadilika kwa mpigo mmoja. Mchezaji akikaribia kijiji gemu inakrashi.

Kuwarudisha kucheza ilikuwa dakika tano, folda ya mods na config na dunia ya asubuhi zote zilikuwepo. Lakini nilitaka kujua mwenye kosa nani, na yeye nilimtaka akae na mimi aone. Nikafungua folda ya logs, faili latest.log, nikamwambia usisome yote utachoka, shuka mpaka mstari unaoanza na maneno Caused by, wa chini kabisa katika hiyo ndo chanzo. Ulitaja modi mbili, moja imejichopeka ndani ya nyengine, haikuwa wazi.

Basi tukafanya nusu kwa nusu. Uwanjani, modi 14 mpya. Rudisha saba katika hali ya zamani, saba ziache mpya, fungua. Ikikrashi mwenye kosa yumo ndani ya saba mpya, isipokrashi yumo kwenye zile ulizorudisha. Saba ukagawa tena, nne na tatu. Kisha mbili. Kisha moja. Mara nne tu tumempata, ni modi ya ramani toleo jipya. Ungezijaribu moja moja ungeweza kufika kumi na nne. Lazima uangalie tu kwamba maktaba ambayo modi nyengine inaitegemea usiigawe ukaiacha upande wa pili, maana Fabric itagoma kuwaka kwa sababu nyengine kabisa na utadhani umempata mwizi kumbe umemkamata mpita njia. Na kama wenye kosa ni wawili mpaka wakutane, kugawa kunakudanganya, ndo maana ule mstari wa logi tuliuweka karibu muda wote.

Ramani imebaki toleo la zamani. Kwenye daftari nimeandika kwamba kuapdeti ni sawa sawa na kutia modi mpya, inapita Uwanjani kama wenzake.

Mpwa akasema, "Nisamehe mjomba." Nikamwambia mimi nilifuta kijiji, sisi sote tunajifunza, chukua daftari kuanzia leo unaandika wewe.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mtoto wa shangazi yupo Unguja, Mwanakwerekwe, anataka kuingia kwenye seva kutoka kule, ananiandikia kila siku, "Kaka nifungulie bandari." Anakusudia mlango wa mtandao namba 25565 kwenye rauta, ndo seva inapoingiliwa kutoka nje. Nimemjibu kwa mapenzi kwamba bado. Saa hizi seva inamjua kila mtu kwa jina, orodha ya walioruhusiwa imewashwa, uhakiki wa akaunti umewashwa, na waifai ni ya nyumbani. Nikifungua bandari ile nimeifungua kwa dunia nzima, kuna watu kazi yao kupita kila anuani ya intaneti kutafuta seva zilizo wazi. Disemba 2021 lilitokea lile la Log4Shell, sentensi moja tu iliyoandikwa kwenye mazungumzo ya gemu iliweza kumfanya mtu aendeshe programu zake kwenye kompyuta ya mwengine, Minecraft ikatoa 1.18.1 kuliziba. Ile ilikuwa gemu yenyewe, bila modi. Sisi tuna modi 20 juu yake pamoja na ya mpunga, kila moja ni mlango wa mtu mwengine.

Nimemuahidi akija likizo atapewa kitanda na kiti. Na kwa sasa namtumia nakala ya dunia kila Ijumaa aingie peke yake aone walipofika. Jana kaniandikia kwamba kahesabu ngazi za kisima, upande wa mke mdogo umepungua ngazi mbili. Watoto wamekwenda kupima, kweli.

Jumamosi, 18 Oktoba

Saa tatu asubuhi wamenikabidhi kijiji, hakuna samani ya modi hata moja, wametembea nyumba kwa nyumba na daftari. Mbele ya muda. Nikazima seva, bakapu, nikaitoa modi ya samani Uwanjani kwanza, tukaingia sote saba tukapita kila chumba. Binti wa ami alikuwa mbele. Kwenye logi palikuwa na jina moja tu la modi ile lililokosa mwenyewe, logi ikatupa X na Z, tukaenda, ni kijiti cha taa nyuma ya zizi mtu kakisahau. Tukarudi Pujini, tukakivunja kwa mkono tukaweka mwenge, kisha ndo nikalifuta faili.

Seva imewaka. Nyepesi kama ile Ijumaa, na kila kitu kipo pahala pake. Modi zimebaki 19, chale nne.

Mpunga wa kwanza wameuvuna leo alaasiri. Mpwa kaandika kwenye daftari idadi ya mashuke, sikumwambia aandike. Flashi ya pili nimenunua, kesho dada anakwenda Wete n'tampa aiweke kabatini kwa bibi, ili nyumba moja ikipata shida ngome iwe na pahala pengine pa kukaa. Kilichobaki kwenye orodha yangu ni betri ya laptopu, na ngazi mbili za mke mdogo.